Pemba Mbili

Karani ameuliza mara ya pili,
kalamu i juu ya fomu, haishuki.
"Unaishi wapi?" Pemba.
"Kazi unafanya wapi?" Pemba.
"Basi ng'ambo iko wapi?"
Nyuma yangu foleni ya Chake ikakohoa.

Si mzaha, bibie. Ziko mbili.
Hii ya karafuu, na ile ya Msumbiji,
mji juu ya ghuba, kindege kinapotupakia
kutupeleka kwenye mitambo ya gesi.
Wiki nne kule nachomelea mabomba,
wiki nne huku nalala
mpaka jua linifikie kisigino.

Miaka mitatu nikajiona mjanja.
Kule nasema: mimi mgeni, kwetu Zanzibar.
Huku nasema: mimi msafiri, sina changu hapa.
Nikadhani naipita mvua tone kwa tone,
nafika kavu.

Aliyenirowesha ni Mize, mke wangu,
mwalimu wa hesabu.
Alichukua paspoti yangu, akasoma mihuri
kama asahihishaye daftari la mtoro,
kisha akatia nukta kwenye kalenda ya jikoni:
nyekundu, usiku wa kule,
buluu, usiku wa huku.
"Mia na sabini na tisa," akasema, "buluu."
Nikapiga makofi!
Barazani wanasema chini ya nusu mwaka
mtu hadaiwi.
Mize hakucheka.
Aliweka kidole kwenye nukta moja, usiku wa Idi.
"Hapa ulilala wapi?"
Kwangu.
"Kwako wapi?"

Na karani leo kauliza lilo hilo, kwa sauti ya ofisi.
Una nyumba ya kudumu hapa? Ninayo.
Mwaka huu umelala humo? Nimelala.
"Basi wewe mkaazi.
Hizo siku mia na thamanini na tatu
huhesabiwa asiye na kwake.
Wewe unataja pato lote, la huku na la huko."

Lakini kule wamekwisha kukata!
Nikamwaga bahasha mezani,
stakabadhi za Kireno, wino umefifia kwa jasho.
Akazipanga taratibu, hana haraka na mtu.
"Hulipi mara mbili. Ulichokatwa kule
kinapunguzwa hapa.
Ila niletee cheti cha kodi cha kule,
chenye muhuri, cha kila mwaka.
Hizi zinasema mshahara.
Na za mwaka wa kwanza ziko wapi?"

Za mwaka wa kwanza nilifungia misumari.

Sikumwambia. Nikatazama feni.
Nikamkumbuka binti yangu Rauhia:
walipomuuliza skuli baba yake anakaa wapi,
alijibu, uwanja wa ndege.
Mwalimu akacheka, akamwandikia sufuri.
Nami nilicheka niliposimuliwa,
kicheko kikanikaa kooni kama mwiba wa changu.
Mtoto wa miaka saba hajui nakaa wapi,
sheria inajua.
Ilikwisha kuniandika mtu wa hapa
siku zote nilizokuwa nikikana.

"Makaazi?" Kalamu imeshuka.
Wete, nikasema. Jadida. Nyumba ya geti la kijani,
geti nimelichomelea mwenyewe.
Akaandika yote, hata geti.

Nje, Mize kakaa kwenye ngazi ya ofisi,
simu mkononi, anajumlisha:
miaka mitatu, toa ya kule, ongeza faini,
na nauli ya kufuata cheti Pemba ile.
Hakuniuliza imekuwaje.
"Bati mwaka huu hatununui," akasema,
akaufuta mstari mmoja.

Fomu imeandikwa: nyumba ya kudumu.
Chumba cha nyuma bado tunaona nyota.